Tumbusi na Eropleni katika Anga ya Serengeti

Mto Simiyu hutoka katika nyanda za Serengeti, ukaelekea magharibi hata ukamwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mkoa uliorithi jina la mto huo uliundwa mwaka 2012, ulipomegwa kutoka Shinyanga na kuongezewa Busega iliyokuwa sehemu ya Mwanza, na makao yake makuu yakawekwa Bariadi. Kwa watu wengi nchi hii ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Ni nadra kutajwa katika historia ya urukaji. Walakini anga iliyo juu yake na juu ya jirani yake wa mashariki ni miongoni mwa mahali ambapo Afrika ya Mashariki ilijifunza, kwa gharama kubwa, maana ya kuruka. Katika anga hiyo eropleni ndogo iliyopakwa milia kama punda milia ilihesabu wanyama mwaka 1958; mwaka uliofuata ndege mla mizoga aliiangusha; na hesabu iliyoletwa na eropleni ile iliingia katika ugomvi mkubwa juu ya mipaka, wanyama na watu.

Ili mambo hayo yafahamike, ni lazima kwanza ifahamike jinsi eropleni inavyokwenda na jinsi inavyoongozwa. Watu wengi hudhani kuwa siri ya eropleni ni kupanda. Historia yake yaonyesha vingine. Kupanda kulipatikana mapema. Kilichochelewa kupatikana ni uwezo wa kujirekebisha baada ya kupanda, na mara nyingi aliyeukosa uwezo huo, japo kwa dakika moja, aliulipia kwa maisha yake.

Kiswahili hakikuwa mikono mitupu katika jambo hili. Neno rubani lilikuwa la bahari kabla halijawa la angani: rubani alikuwa mtu aliyeijua njia ya maji, akakiongoza chombo kati ya miamba na mafungu ya mchanga. Usukani ulikuwa ubao ulioning'inizwa nyuma ya jahazi. Kwenda mrama kulikuwa kuyumba kwa chombo ubavu kwa ubavu. Maneno haya yalihama kutoka majini kwenda angani kwa haki, maana hewa nayo, kama maji, ina uzito, hupita, husukuma na husukumwa. Mtu akilisahau jambo hilo hataweza kufahamu kitu cho chote juu ya eropleni. Akilikumbuka, mengine yote humfuatia taratibu.

Mwanamke apepetaye mtama uwanjani anaijua kanuni ya bawa hata kama hakupata kuisoma. Akiushika ungo wima mbele ya upepo, upepo humsukuma nyuma. Akiulaza kidogo, ukingo wa mbele ukiwa juu kuliko ule wa nyuma, huhisi ungo ukitaka kumponyoka kwenda juu. Upepo uliokutana na ungo ulioinama hivyo umepotoshwa njia na kuelekezwa chini. Na kwa kuwa hakuna asukumaye pasipo kusukumwa, hewa inayosukumwa chini huusukuma ungo juu. Bawa la eropleni ni ungo uliotengenezwa kwa hesabu. Mgongo wake umebinuka ili hewa iufuate kwa ulaini mpaka ukingo wa nyuma, na hapo iondoke ikielekea chini. Juu ya bawa mgandamizo wa hewa hupungua, chini yake huzidi, na tofauti hiyo ndiyo inayobeba uzito. Tanga la jahazi liendalo joshi hufanya kazi hiyo hiyo, ila limesimama wima, nalo huvuta chombo mbele badala ya kukiinua.

Eropleni iliyo hewani hushikwa na nguvu nne. Uzito huivuta chini na mabawa huiinua; rafadha inayozungushwa na injini huivuta mbele, na ukinzani wa hewa huirudisha nyuma. Nguvu hizi zikilingana, eropleni huenda sawasawa kwa mwendo usiobadilika. Rafadha yenyewe si kitu kingine ila bawa linalozunguka, likaitupa hewa nyuma kama vile bawa kubwa linavyoitupa chini. Injini, kwa hiyo, haiinui eropleni. Huipa mwendo, na mwendo ndio unaolipa bawa kazi ya kufanya. Nguvu ya kuinua hutegemea mwendo huo sana: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Hutegemea pia pembe ambayo bawa hukutana na hewa. Rubani apunguzaye mwendo hana budi kuinua pua ya eropleni ili aizidishe pembe hiyo. Lakini kuna mpaka. Pembe ikipita nyuzi 15 hivi, katika mabawa mengi hewa hushindwa kuufuata mgongo wa bawa. Hubanduka, huvurugika, na nguvu ya kuinua hupungua ghafula. Hapo injini huweza kuwa inanguruma kama kawaida, na eropleni ikaanguka.

Mambo hayo ya kuinuka yalianza kufahamika zamani. Mwaka 1799 Mwingereza George Cayley alichora chombo chenye mabawa yasiyopigapiga, akatenga kazi ya kuinua na kazi ya kusukuma, akaweka na mkia wa kuongozea. Karibu miaka 100 baadaye Mjerumani Otto Lilienthal alijenga mabawa ya miti na nguo, akajirusha kutoka vilimani zaidi ya mara 2,000. Lilienthal aliinuka, hakuna awezaye kumnyima sifa hiyo. Kasoro yake ilikuwa katika kuongoza, maana usukani wake ulikuwa mwili wake mwenyewe: alirusha miguu huku na huko ili kuhamisha uzito. Mwezi wa Agosti mwaka 1896 upepo uliinua pua ya chombo chake kupita kiasi, hewa ikabanduka mgongoni mwa mabawa, na miguu yake haikutosha kuishusha pua ile kwa wakati. Alianguka, akafa siku iliyofuata.

Waliofumbua fumbo hilo walikuwa mafundi wa baiskeli. Wilbur na Orville Wright wa Dayton, Marekani, walikuwa wakitengeneza na kuuza vyombo ambavyo haviwezi kusimama vyenyewe. Mtu aliyepata kuendesha baiskeli katika njia za mchanga za Bariadi anajua kwamba baiskeli haisimamishwi na magurudumu yake, bali na mikono isiyochoka kuirekebisha. Ndugu hawa walifikiri kuwa eropleni nayo itakuwa hivyo. Waliwatazama ndege wakubwa wakielea, wakaona kwamba ndege anayelazwa na upepo husokota ncha za mabawa yake, moja hivi na moja vile, akarudi sawa. Wakatengeneza mabawa yanayosokotwa kwa kamba. Tarehe 17 Desemba 1903 eropleni yao ilikwenda hewani kwa sekunde 12, ikafika mita 37 hivi. Umbali huo ni mdogo kuliko urefu wa mabawa ya eropleni nyingi kubwa za siku hizi. Lakini katika sekunde hizo rubani alikuwa akiongoza, na hilo ndilo lililokuwa jipya.

Tangu siku hiyo eropleni huongozwa katika njia tatu. Ya kwanza ni kuinua na kuinamisha pua. Kazi hii hufanywa na ubao uliolala mkiani. Rubani akiivuta fimbo iliyo mbele yake, ukingo wa nyuma wa ubao huo huinuka, mkia hushuka na pua hupanda. Ya pili ni kugeuza pua kushoto au kulia. Hii hufanywa na usukani uliosimama wima mkiani, ambao ndio ndugu halisi wa usukani wa jahazi, nao huendeshwa kwa vikanyagio vya miguu. Ya tatu ni kulaza eropleni upande mmoja, yaani kuipeleka mrama kwa makusudi na kuirudisha. Hii hufanywa na vipande viwili vilivyo nyuma ya ncha za mabawa. Rubani akiilaza fimbo kulia, kipande cha bawa la kulia huinuka na cha kushoto hushuka. Bawa la kulia hupungukiwa na nguvu, la kushoto huongezewa, na chombo chote hulalia kulia. Katika eropleni ndogo fimbo na vikanyagio huunganishwa na vipande hivyo kwa nyaya za chuma zipitazo ndani ya mwili na mabawa. Nyaya hizo ni kama mishipa: hazionekani, na uzima wote umo ndani yake.

Mtu asiyejua hudhani kuwa eropleni hukata kona kwa usukani peke yake, kama jahazi. Sivyo. Eropleni hukata kona kwa kujilaza, kama mwendesha baiskeli. Mabawa yakilala, ile nguvu iliyokuwa ikielekea juu yote huelekea juu na kando kwa pamoja, na ile sehemu ya kando ndiyo inayoivuta eropleni katika duara. Usukani wa mkiani husaidia tu pua ifuate njia vizuri. Lakini sehemu iliyokwenda kando imeondolewa katika kazi ya kubeba uzito, basi rubani hana budi kuizidisha nguvu ya bawa ili asipoteze kimo. Eropleni iliyolala nyuzi 60 na isiyoshuka hudai mabawa yake yabebe maradufu ya uzito wake. Mwenye kulala sana karibu na ardhi, kwa mwendo mdogo, huwa amekopa mali asiyoweza kuilipa.

Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria waliyaona maarifa hayo mapema kuliko wengi. Tarehe 28 Februari 1931 Shirika la Imperial Airways lilifungua safari ya kila juma kutoka London, na mwisho wa safari hiyo haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam, bali Mwanza. Sehemu ya mwisho ilisafiriwa kwa eropleni za majini, ambazo tumbo lake ni kama la mashua, zikifuata mto Naili mpaka ziwani. Eropleni ya majini hushindana na maji kabla haijashindana na uzito: hukimbia juu ya mawimbi hata mabawa yakapata mwendo wa kutosha kuing'oa. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko Pwani. Mchana wa joto huwa nyepesi zaidi. Bawa lililo katika hewa nyepesi hudai mwendo mkubwa zaidi ili libebe mzigo ule ule. Kanuni hiyo iliwahusu waliotua Mwanza mwaka 1931, na yamhusu kila rubani atuaye katika viwanja vya udongo vya nyanda za juu hata leo.

Eropleni iliyoingiza Serengeti katika historia ya dunia ilifika miaka 26 baadaye. Desemba 1957 Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael waliondoka Ujerumani wakiendesha wenyewe eropleni ya namna ya Dornier Do 27, yenye injini moja, iliyopakwa milia myeusi na myeupe. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, na serikali ilikuwa imo katika mashauri ya kubadili mipaka ya hifadhi ya Serengeti, iliyofanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mashauri hayo yalitaka kuitenga Ngorongoro pamoja na nyanda za mashariki, wafugaji wabaki huko, na sehemu ya magharibi iwe ya wanyama peke yao. Swali lilikuwa rahisi kuulizwa na gumu kujibiwa: je, wanyama wako wangapi, nao hukaa wapi mwaka mzima? Hapakuwa na mtu aliyepata kuwahesabu wote.

Do 27 ilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu ya mabawa yake. Yalikuwa juu ya mwili, hivyo hayakumziba mtu aliyetazama chini. Na nyuma yake yalikuwa na vipande vipana ambavyo rubani aliweza kuvishusha. Vipande hivyo vikishushwa, bawa huwa limebinuka zaidi, huitupa hewa chini kwa nguvu zaidi, na kwa hiyo huweza kubeba uzito kwa mwendo mdogo. Eropleni iliyo hivyo huruka polepole pasipo kuanguka, hutua mahali pafupi, na kuondoka hapo tena. Mapema mwaka 1958 Grzimek na mwanawe waliruka chinichini juu ya nyanda, mstari baada ya mstari, kama mkulima anavyofuata matuta ya pamba, huku watazamaji wakihesabu huku na huku. Kuruka namna hiyo si mchezo. Mwendo ni mdogo, kimo ni kidogo, na kila mwisho wa mstari rubani hulaza bawa ili arudi. Makosa yote matatu ambayo bawa halisamehe, yaani kwenda polepole mno, kulala mno na kuwa karibu mno na ardhi, hukaa jirani katika kazi hiyo.

Hesabu yao ilitoa wanyama 366,980, na miongoni mwao nyumbu walikuwa 99,481. Tena waliwavisha baadhi ya wanyama alama za rangi, wakawafuata kutoka juu, wakaona kwamba makundi hayaufuati mstari uliochorwa mezani: kwa sehemu ya mwaka huwa katika zile nyanda za mashariki zilizokuwa zikikusudiwa kutolewa katika hifadhi. Walakini mipaka mipya iliwekwa mwaka 1959 kwa mpango uliokwisha kukubaliwa. Ngorongoro ilitengwa, hifadhi ikaongezewa ardhi upande wa kaskazini, nao Wamasai waliokuwa ndani ya Serengeti ya magharibi wakahamishwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1962, upande wa Usukuma ukawekwa Pori la Akiba la Maswa, likapakana na nchi ya wakulima na wafugaji ambao leo ni watu wa Meatu, Itilima na Bariadi.

Michael Grzimek hakuiona mipaka hiyo. Tarehe 10 Januari 1959 alikuwa akiruka peke yake tumbusi mmoja alipoligonga bawa la eropleni. Tumbusi wa nyanda hizo ni ndege mzito wa kilo saba au nane, na eropleni huja kwa mwendo ambao hauwapi nafasi ya kupishana. Pigo hilo halikuivunja injini wala halikuling'oa bawa. Liliharibu bawa na kuzikwamisha nyaya zinazoendesha vipande vyake. Msomaji aliyefuata maelezo ya juu ataona maana yake pasipo kuelezwa zaidi: nguvu zote nne zilikuwa zingalipo, mabawa yalikuwa yangali yakiinua, rafadha ilikuwa ingali ikivuta, kilichoondoka ni uwezo wa kuirudisha eropleni iliyolala. Eropleni ilijilaza, ikapiga mbizi, ikaanguka. Michael alikuwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro, na babaye alipofariki mwaka 1987 alikwenda kulala karibu naye. Filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, ilipewa tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Yule tumbusi naye anastahili kufikiriwa, maana alikuwa rubani katika anga hiyo kabla ya rubani ye yote. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 mtaalamu Mwingereza Colin Pennycuick, akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Serengeti, aliwafuata tumbusi kwa eropleni nyepesi ambayo injini yake huweza kuzimwa hewani, ikabaki ikielea. Aliona kwamba ndege hao hawapigi mabawa ila kwa shida. Jua linapokwisha kuichoma ardhi, hewa iliyopashwa moto hupanda kama nguzo. Tumbusi huingia ndani ya nguzo hiyo, hulaza bawa, huzunguka humo na kuinuliwa bure, kisha huteremka kwa mwelea mrefu kuelekea nguzo nyingine. Kwa njia hiyo huweza kuacha kiota chake magengeni, akasafiri zaidi ya kilomita 100 kuwatafuta nyumbu, na kurudi. Mwaka 1973 mmoja wa jamii ya tumbusi hao aligongana na eropleni ya abiria juu ya Abidjan katika kimo cha mita 11,300 hivi. Kazi ya Pennycuick ilionyesha kuwa kanuni ni moja: pembe, mwendo, kulala na kujirekebisha. Tofauti ni kwamba tumbusi huhisi bawa lake kwa kila unyoya, na mwanadamu huhisi la kwake kwa waya.

Yabaki habari ya hesabu. Hesabu ya mwaka 1958 ilikuwa kazi ya ushujaa, lakini haikuwa sahihi. Mwaka 1961 watafiti wengine walipata nyumbu zaidi ya 200,000. Nyumbu jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, na ndama wengi hufa. Haikuwezekana nyumbu 99,481 wafike idadi hiyo kwa miaka mitatu. Jicho la mtu aliye katika eropleni iendayo, akitazama kundi lililosongamana, huhesabu wachache kuliko waliopo. Katika miaka ya 1960 watafiti wakaanza kupiga picha kutoka hewani na kuhesabu katika picha kwa utulivu. Hapo likaonekana jambo jingine: mbali na makosa ya zamani, nyumbu walikuwa wakiongezeka kwelikweli. Mwaka 1977 walikuwa wamezidi milioni moja.

Sababu ya kuongezeka huko haikuonekana kutoka angani. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika ya Mashariki, ukaangamiza ng'ombe, nyati na nyumbu, na wafugaji wakafa njaa. Sotoka haikuondoka, ilibaki ikiua ndama wa nyumbu mwaka hata mwaka, ikitoka kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ng'ombe waliozizunguka nyanda za Serengeti walichanjwa, na huko Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walikuwa wakitengeneza chanjo bora ambayo hatimaye ilitumika duniani kote. Kufikia mwaka 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu wa Serengeti, ndama wakaanza kuishi, na makundi yakafurika. Mwaka 2011 ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umekwisha duniani.

Jambo hili lahitaji kupimwa kwa uangalifu. Bernhard Grzimek aliamini kuwa wanyama hawatapona ila hifadhi iwe haina watu ndani yake, na kutoka juu fikira hiyo ilionekana kuwa na hoja: mavumbi ya ng'ombe hapa, nyumbu pale, na nafasi kati yao ikipungua. Hofu yake haikuwa ya bure, kwa kuwa mashamba na mifugo vimeongezeka sana tangu wakati wake, na penye mashamba nyumbu hawapiti. Lakini kilichowazidisha nyumbu mara nyingi kupita hesabu yake kilipitia katika miili ya ng'ombe wa watu walewale waliohesabiwa kuwa hatari. Mfugaji aliyewaswaga ng'ombe wake hadi kwenye josho, akawashika mmoja mmoja wachomwe sindano, aliyatendea makundi ya Serengeti jambo ambalo mpaka wo wote wa ramani haukuweza kulitenda. Eropleni haikuiona sindano ile. Haikuwa kosa la eropleni. Eropleni huona kilicho wazi chini yake, na sindano si kitu cha kuonekana kutoka hewani.

Funzo la historia hii, basi, si kwamba eropleni ni mbaya wala kwamba hesabu haina maana. Wanyama wa Serengeti wangali wakihesabiwa kutoka hewani, maana ni vigumu kuijua kutoka ardhini idadi ya makundi makubwa namna hiyo katika nchi pana namna hiyo. Funzo ni lile lililokuwamo ndani ya bawa tangu mwanzo. Lilienthal alikuwa na nguvu ya kuinuka, akakosa ya kujirudisha. Michael Grzimek alikuwa nazo zote, mpaka waya mmoja ulipokwama. Hali kadhalika hesabu iliyopatikana mara moja huwainua watu mpaka kwenye uamuzi, na uamuzi huo usiporekebishwa na habari za chini huenda mrama, hata kama nia ya mwenye kuufanya ni safi na ujasiri wake ni mkubwa.

Leo upande wa magharibi wa nyanda hizo tembo hutoka porini usiku wakala mahindi na pamba ya watu wa Simiyu, na ng'ombe hukamatwa kwa kuvuka mpaka mchana wa kiangazi wakitafuta maji. Watakaoamua juu ya mambo hayo watapewa picha zilizopigwa kutoka juu, safi kuliko zote zilizopata kuwako. Wazitazame vizuri, kwa sababu zina ukweli ndani yake. Kisha washuke Meatu na Bariadi, wamwulize mwenye ng'ombe ni nini ambacho picha haikuonyesha, na jibu lake liwekwe mezani pamoja na hesabu kabla ya mpaka kuchorwa.